Baruti Iliyolia Bila Kulipuka

Ninyi vijana mnaoanza kazi za machimbo leo mna vyombo vinavyopima na kuandika vyenyewe. Sisi tulikuwa na nguzo, nyundo, kamba, penseli moja na Chidosa. Katika vitu vyote hivyo, kilichohitaji kuchungwa zaidi kilikuwa Chidosa.

Mmeniomba niwaeleze jinsi tulivyokuwa tunajua kama baruti iliyokaa ghalani bado inafaa kubebwa au imekuwa nyepesi ya kushtuka, yaani ya kulipuka kwa kugongwa kidogo tu. Nitawaeleza, lakini itabidi niwaeleze na habari za harusi yangu, maana mambo hayo mawili yalitokea wiki moja na hadi leo siwezi kuyatenganisha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, katika kambi ya wavunja mawe karibu na Mbalizi. Tulipasua mwamba kwa ajili ya kokoto za barabara. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu alikuamkia kwanza, ukamwona baadaye. Mimi ni Mhehe wa Iringa, jina langu Kikoti, na wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne. Niliandika polepole sana, lakini herufi zangu zilisomeka, na kwa sababu hiyo nikapewa ukarani wa vipimo.

Nilikuwa na haya. Sisemi haya ya adabu, nasema ugonjwa. Siku niliyoajiriwa, mtu wa stoo alinipa mabuti mawili ya mguu wa kushoto. Niliyapokea, nikasema ahsante, nikayavaa miezi mitatu. Kila nilipotembea nilikuwa napinda upande mmoja kama baiskeli iliyogonga jiwe. Watu walidhani nina kilema, wakawa wananihurumia, na mimi nikaona haya kuwakatalia huruma yao.

Sasa mwoneni Chidosa. Alikuwa Mgogo, mrefu, ana sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili. Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba ya nyundo. Wahehe na Wagogo ni watani tangu enzi za babu zetu, na ninyi mliokulia mjini huenda hamjui uzito wa jambo hilo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe, anaweza kuchukua kofia yako akaenda nayo, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, umeshindwa. Kila asubuhi aliniamkia hivi:

"Karani, mbwa wa kambi hajaonekana leo. Ulilala na njaa?"

Nami ningejibu vizuri sana, lakini jibu lilikuwa linanijia saa kumi jioni.

Mkubwa wa kambi alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Polepole, kwa sababu hilo lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Alisema polepole kwa madereva, kwa wachimbaji, hata kwa kuku. Alikuwa ameshika baruti miaka mingi na vidole vyake vyote kumi vilikuwepo, kwa hiyo tulimsikiliza.

Ghalani mlikuwa na masanduku ya baruti yaliyokaa misimu miwili ya mvua. Wenzetu wa Iringa waliyahitaji kwa mwamba wao. Lori lilipangwa liondoke Ijumaa alfajiri, na mimi nilipangwa nikae nyuma, juu ya masanduku, nikishika bendera nyekundu.

Na Jumamosi, huko huko Iringa, nilikuwa naoa.

Kambi nzima haikujua. Kuomba ruhusa kulimaanisha kusimama mbele ya meza ya Bwana Polepole na kutamka neno "mchumba". Sikuweza. Kwa hiyo nilipoona jina langu kwenye orodha ya lori nilimshukuru Mungu. Nilifikiri: nitashuka Iringa, nitaoa, nitapanda, nitarudi, na hakuna atakayejua. Adelina, mchumba wangu, alikuwa amenitumia salamu kwamba nikichelewa kanisani atamtafutia ng'ombe wa mahari matumizi mengine.

Lakini Bwana Polepole alisema masanduku hayaondoki mpaka baruti ipimwe. Ikiwa imekuwa nyepesi ya kushtuka, itachomwa hapo hapo machimboni.

Sikilizeni jinsi tulivyopima. Kulikuwa na nguzo ya chuma iliyochorwa alama ishirini, kutoka chini kwenda juu. Chini yake palikuwa na fuawe, kama ile ya mhunzi, na juu ya fuawe uliweka baruti kiasi cha punje ya ulezi. Chuma kizito, tulichokiita nyundo, kilipandishwa hadi alama fulani, kikafungwa, kisha mtu alijificha nyuma ya magunia ya mchanga akavuta kamba. Nyundo ikaanguka. Punje ikalia au ikanyamaza.

Ikilia, punje inayofuata unaipiga kutoka alama moja chini. Ikinyamaza, unapanda alama moja. Basi. Unapanda na kushuka hivyo mara ishirini na tano.

Mimi nilidhani ni mchezo. Bwana Polepole akatueleza. Ukipiga kutoka juu sana, kila punje italia, nawe hujajifunza kitu. Ukipiga kutoka chini sana, kila punje itanyamaza, na bado hujajifunza kitu. Maarifa yako pale katikati, inapolia mara hii na kunyamaza mara ile. Kupanda na kushuka kunakurudisha hapo kila mara, hata usipopajua.

Akatupa na sheria zake. Punje ziwe sawa. Fuawe ifutwe kila mara. Ukungu usiguse baruti. Na kulia si kelele peke yake: moshi kidogo, harufu, au doa jeusi juu ya chuma, yote hayo ni kulia. Kwa hiyo kila baada ya pigo, karani ainuke, aende kwenye fuawe, aangalie kwa macho yake, ndipo aandike.

Jumanne tulipima sanduku jipya, ili tuwe na cha kulinganisha. Bwana Polepole alisimama nasi. Katikati yake ikawa alama ya kumi na nne. Nilikwenda kwenye fuawe mara ishirini na tano, na kila mara magoti yalikuwa yanagongana. Chidosa aliyaona.

"Karani, magoti yako yanapigana. Niyaamulie?"

Jumatano asubuhi ilikuwa zamu ya sanduku la zamani. Kabla hatujaanza, Bwana Polepole aliitwa darajani, akatuacha wawili. Na usiku uliotangulia dereva wa lori, mtu wa Iringa anayewajua wakwe zangu, alikuwa amemwambia Chidosa habari za harusi.

"Kumbe!" Chidosa alisema, sauti ikafika Mbalizi sokoni. "Mhehe anaoa, na mtani wake hajaambiwa! Kilemba changu kiko wapi?"

Mtani akisikia harusi, anasimama njiani na bwana harusi hapiti mpaka atoe kitu. Ndiyo desturi.

"Unataka nini?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Jogoo na blanketi."

"Blanketi ninalo moja."

"Hilo hilo. Bibi harusi atakupasha joto. Mimi nani atanipasha?"

Nikaona haya, nikaingia kibandani kwangu nyuma ya magunia, nikafungua daftari.

"Haya," akasema. "Basi hupiti."

Tukaanza alama ya kumi na mbili. Kamba ikavutwa, nyundo ikaanguka, na nikasikia: pa! Chidosa akaita, "Imelia!" Nilitakiwa niinuke nikaangalie. Lakini nilikumbuka magoti yangu, na maneno yake, nikaona siendi kuchekwa tena. Nikakaa pale pale, nikaandika kwa herufi kubwa nzuri: IMELIA.

Alama ya kumi na moja. Pa! "Imelia!" Nikaandika IMELIA. Ya kumi. Pa! Ya tisa. Pa! Nikaona vizuri jinsi orodha inavyoshuka kama ngazi. Ya nane, ya saba, ya sita. Niliandika polepole, na Chidosa alinisubiri kwa upole ambao ulipaswa kunishangaza. Tukafika alama ya kwanza, ambayo iko vidole vitatu juu ya fuawe. Pa! Imelia!

Nikanyanyua penseli. Chini ya alama ya kwanza hakukuwa na alama nyingine. Nilikaa nikifikiri, je, sasa tunachimba shimo?

Baadaye Chidosa aliniapia kwamba alikuwa akinisubiri nije. Alikuwa ameshika vibao viwili vya sanduku la chai, akivigonga kila nyundo ilipoanguka, na fuawe, ambayo hakuiwekea punje hata moja, ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Alitaka nije, nivione, nikasirike, nishindwe, nitoe blanketi. Kila pigo alisema moyoni, sasa atakuja. Sikuja. Naye hakutaka kuwa wa kwanza kuacha.

Bwana Polepole ndiye aliyekuja kwanza. Alirudi mapema, akaingia kibandani, akachukua daftari, akasoma. Kwanza uso ukawa mwekundu, halafu ukawa rangi ya uji. Akaweka daftari chini kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto.

"Polepole," akanong'ona. Safari hii lilikuwa neno la maana.

Mfikirieni naye. Ghala lilikuwa limejaa masanduku, na karatasi ilisema baruti hiyo hulia ukiiangushia chuma kutoka vidole vitatu. Kwa maandishi yangu, ghala lote lilikuwa linangoja mtu apige chafya.

Amri ikapita kambi nzima kwa kunong'onezana. Watu wote wavue mabuti. Akina mama waache kutwanga. Mpishi akaondoa mfuniko wa sufuria akabaki ameushika kifuani, hajui auweke wapi. Wanaume arobaini wakapanda kilima kwa vidole vya miguu, na jogoo mmoja aliyewika alifunikwa kwa koti.

Halafu mtu akauliza, "Mzee Mwampashi yuko wapi?"

Mzee Mwampashi alikuwa Msafwa, mlinzi wa ghala. Alilinda usiku na kulala mchana. Na mahali alipolalia, kila mtu alipajua isipokuwa Bwana Polepole: juu ya masanduku ya baruti, maana palikuwa pakavu. Tukasikiliza. Kutoka ghalani ilitoka mikoromo. Mlango wa bati ulikuwa unatetemeka.

Bwana Polepole akashika kichwa. "Nani mwepesi?" akanong'ona.

Wote wakanigeukia mimi, niliyekuwa mwembamba kuliko wote.

Nilianza kuvua mabuti; kwa haya, mimi peke yangu nilikuwa bado nimeyavaa. Pale ndipo Chidosa aliponisogelea, jasho linamtoka katika baridi ile, akaninong'oneza:

"Mtani. Ni mimi."

"Nini?"

"Hakuna iliyolia. Ni vibao." Akafungua koti, akanionyesha. "Nikisema nitafukuzwa. Lakini usiende kumshtua mzee kwa ajili ya vibao vyangu. Ataruka, na hatujui baruti yenyewe ikoje."

Vijana, niambieni mngefanya nini. Ningenyamaza, masanduku yangechomwa bila kupimwa, lori lisingeondoka, Adelina angengoja. Ningesema, mtani wangu angefukuzwa kazi kwa utani, jambo ambalo Mhehe hamfanyii Mgogo. Na kusema kwenyewe, mbele ya watu arobaini! Masikio yangu yalikuwa yanawaka.

Nilisimama bila mabuti, nikaenda kwa Bwana Polepole, nikasema lililokuwa langu.

"Bwana, sikwenda kuangalia fuawe."

"Nini?"

"Niliandika kwa masikio. Kila pigo. Sikuinuka hata mara moja. Daftari ni uongo."

Alikuwa anatazama nyuma yangu, chini, pale nilipoyaacha mabuti.

"Kikoti," akasema. "Kwa nini buti mbili ya kushoto?"

"Nilipewa, Bwana."

"Miezi ngapi?"

"Mitatu, Bwana."

"Kwa nini hapana sema?"

Chidosa akatoka katikati ya watu, akanyoosha vibao viwili, na kwa mara ya kwanza maishani akazungumza kwa sauti ndogo. "Bwana, yeye hakuangalia, lakini aliyelia ni mimi."

Wakati huo Mzee Mwampashi alikuwa ameamka mwenyewe. Kimya kilikuwa kimemwamsha. Alitokea mlangoni akijikuna, akatuona wanaume arobaini kilimani bila viatu na mpishi na mfuniko wake.

"Mbona mmevua?" akauliza. "Amekufa nani?"

Bwana Polepole hakumfukuza Chidosa. Hakucheka pia. Alisema Alhamisi tutapima upya, mimi nivute kamba na kuandika, Chidosa asimame karibu nami, kisha baada ya kila pigo wote wawili tuende kwenye fuawe tukiwa tumeshikana mikono. Ndivyo tulivyofanya, mara ishirini na tano, kama maarusi. Magoti yangu yaligongana, na mara ya tatu nikasikia mengine yanagongana kando yangu.

"Yako hayo?" nikamuuliza.

"Nyamaza uangalie," akasema Chidosa.

Baruti ile ya zamani ilikuwa na vituko. Mara ilinyamaza alama ya kumi na mbili, mara ililia alama ya saba. Ile mpya ilikuwa imeng'ang'ania hapo hapo kwenye kumi na nne, lakini hii ilitangatanga kama mlevi aliyepotea nyumba. Tulipofika pigo la ishirini na nne tulikuwa alama ya sita, na nyundo ilipoanguka hatukusikia kitu.

"Imenyamaza," nikasema.

Tukaenda. Fuawe ilikuwa karibu safi. Karibu. Palikuwa na doa dogo, dogo kama jicho la sisimizi, na harufu hafifu ambayo ukiitaka unaisikia na usipoitaka huisikii. Mimi sikuitaka. Lori lilikuwa likiondoka kesho. Bila doa lile, karatasi ingeonekana afadhali kidogo, na Adelina alikuwa akingoja.

Nilimtazama Chidosa. Chidosa, ambaye Jumatano alikuwa amelia mara kumi na mbili bila sababu, alitazama mawinguni. Ndiyo siku pekee aliyowahi kuniachia kitu niamue mwenyewe.

Niliandika polepole kuliko siku zote. I. M. E. L. I. A.

Bwana Polepole alihesabu. Katikati ya baruti ile ilikuwa alama ya tisa. Nikajaribu bahati yangu ya mwisho; nilishaanza kuzoea kusema. "Bwana, lori haliruki kiasi cha alama ya tisa. Si tukipita chini ya tisa tuko salama?"

Chidosa ndiye aliyenijibu, na hajasoma hata darasa la kwanza.

"Mtani, tisa ndipo nusu zinapolia. Wageni kumi wakila kwenye harusi yako, watano wakaumwa tumbo, utasema basi tupunguze kijiko kimoja, wengine wote watapona?"

Bwana Polepole akatikisa kichwa kukubali. Nimesoma maelezo mengi ya jambo hilo tangu siku hiyo, na lile la Chidosa bado ndilo ninalowapa wanaoanza. Katikati si mpaka wa usalama. Angalia na jinsi punje zinavyotawanyika, uone ile ya chini kabisa iliyolia, kisha ukae mbali nayo.

Masanduku yakahukumiwa kuchomwa. Nikaenda kukaa juu ya jiwe.

"Kikoti ana nini?" Bwana Polepole akauliza.

Chidosa akanisukuma bega. "Sema."

Nikasimama. Nikafungua kinywa. Kikatoka kitu kama kikohozi.

"Sema, Mhehe, au nigonge vibao!"

"Bwana," nikasema, "naomba ruhusa. Jumamosi naoa. Mchumba wangu yuko Iringa." Neno lile lilitoka, na sikufa.

"Lori inakwenda Iringa Ijumaa," akasema Bwana Polepole, "na baruti, bila baruti. Inafuata saruji." Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyebeba maji kwa pakacha. "Kwa nini hapana uliza?"

Kumbe lori lingekwenda kwa vyovyote. Nilikuwa tayari kukalia masanduku yale hadi Iringa, kwenye mashimo yote ya barabara ile, na bendera mkononi, ili tu nisiulize swali moja.

Niliondoka Ijumaa alfajiri nikiwa nimevaa buti la kushoto na la kulia. Nilitembea vibaya sana, maana nilikuwa nimeshayazoea yale. Chidosa alikuja nami kudai kilemba. Jumamosi, wakwe wamejipanga nje ya kanisa, mimi na suti ya kuazima, yeye akasimama njiani, akatoa vibao kutoka kotini.

Pa!

Nilijikuta chini, kifudifudi, mikono kichwani. Hakuna mwingine aliyelala. Wakwe walikuwa wananitazama kutoka juu. Adelina alicheka mpaka shela likaanguka, kisha akainama akaniuliza, "Umeangalia kwanza, au umesikia tu?" Dereva alikuwa amemsimulia yote.

Nilitoa jogoo na blanketi. Chidosa aliniachia vibao, akasema ni zawadi ya bibi harusi. Viko jikoni hadi leo. Mke wangu huvigonga chakula kikiwa tayari, na siku nyingine huvigonga bila chakula, kwa kunijaribu tu. Mimi sibishani. Vikilia, ninainuka, ninakwenda jikoni, ninafunua sufuria, ninaangalia.